Ngoma Iliyovuma Isipasuke

Ukumbi wa 100 Club una nguzo, na mgeni asiyejua hujikuta amesimama nyuma yake. Ndivyo ilivyonikuta. Nilikuwa nimeshuka ngazi kutoka Oxford Street, jijini London, usiku wa baridi ile inayouma masikio, nikaingia katika chumba cha chini ya ardhi chenye kuta nyekundu na dari iliyoinama, nikajibanza palipokuwa na upenyo. Nusu ya jukwaa siioni. Kwa hiyo UK Subs, bendi ya panki, niliwasikia kabla sijawaona: mpiga drams aligonganisha vijiti mara nne, halafu sauti ikanipiga kifuani kama mtu anayekusukuma ili apite.

Kwetu panki ni nywele. Tulipokuwa vijana, mtu akisikika kanyoa panki, mtaa mzima ulijua mama yake hatalala. Kwamba nyuma ya nywele zile kulikuwa na muziki, na kwamba muziki huo una wazee wake, sikujua mpaka nilipokuja kuishi ugenini na kupata jirani mwenye sahani za santuri nyingi kuliko sahani za chakula. Ndiye aliyenikatia tiketi. Aliniambia nisivae viatu vizuri.

Na kiongozi wa bendi yenyewe, kumbe, alikuwa mtu wa saluni. Charlie Harper alizaliwa London mwaka 1944, vita havijaisha. Bendi ilipoundwa mwaka 1976 alikuwa na miaka thelathini na mbili, anatengeneza nywele za watu Tooting, kusini mwa jiji, na nyuma yake ana miaka ya kuimba bluzi na kupuliza kinanda cha mdomo. Vijana waliokuwa wakishika magita mwaka ule wengi wao hawajafika hata ishirini na mbili. Yeye angeweza kuwa kaka mkubwa aliyetumwa kuwarudisha nyumbani. Akaingia, akabaki. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu, usiku niliomwona, ni babu wa miaka zaidi ya sabini mwenye nywele zilizopakwa rangi na kusimama wima kama za kijana anayekwenda kugombana.

Wahenga hao hao walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Kwa panki walikaribia kusema kweli tupu. Sex Pistols, waliopiga humu humu 100 Club mwaka 1976, walisambaratika Januari 1978. The Clash walifika 1986. Muziki ule ulijengwa kwa hasira, na hasira ni kuni nyembamba: inawaka haraka, inakwisha kabla chungu hakijachemka. Nani alitegemea kwamba mtu mmoja angeufanya kazi ya maisha, kama mvuvi anavyoshuka pwani kila alfajiri, samaki wawepo wasiwepo?

Niseme ukweli, nilikwenda na dharau kidogo. Nimelelewa na dansi. Masikio yangu yanatafuta gita la solo linalopanda na kushuka, tarumbeta zinazojibizana, mwimbaji anayevuta herufi ya mwisho hadi utamani kumletea maji. Panki niliambiwa ni mikao mitatu ya vidole kwenye gita na makelele. Mikao ni mitatu, kweli. Lakini hata jembe lina mpini na bapa tu, na bado tunamjua mkulima kwa shamba lake.

Nilipofanikiwa kuhama kwenye nguzo niliona nilichokuwa sikioni. Wimbo ulikuwa ukiisha, na kabla mtu hajamaliza kupiga makofi, jicho moja linakwenda kwa mpiga drams, kichwa kinainama kidogo, wimbo mwingine umeanza. Hakuna aliyeuliza "sasa tupige upi?" Hakuna hotuba. Nyimbo zenyewe hazifiki dakika tatu, nyingine hata mbili, na katika muda huo mfupi wa kunywa fundo la maji lazima uingie, useme, utoke, bila kuacha neno likining'inia. Jaribu kumweleza mtu jambo lako zito kwa dakika mbili uone. Kasi ile haisamehe. Katika dansi mpiga besi akipotea ana dakika kumi za kurudi. Hapa akipotea wenzake wamekwisha fika.

Na yule mzee hakuwa akipiga kelele hovyo. Sauti yake imekwaruzika kama mlango wa bati, lakini anajua mahali pa kuitumia na mahali pa kuitunza. Kiitikio kikifika, anaiachia hadhira. Anageuza kipaza sauti kuelekea mbele, watu wanaimba wao, yeye anavuta pumzi. Mtu wa taarabu angemtambua mara moja. Kisha anatoa kile kinanda cha mdomo mfukoni, na kwa nukta chache unasikia alikotoka: bluzi ya kabla ya panki, ya mabaa ya London, iliyokaa ndani yake miaka yote kama lafudhi ya kijijini kwa mtu aliyezeekea mjini.

Ninachokumbuka zaidi ni besi ya "Warhead". Wimbo huo ni wa mwaka 1980, mataifa makubwa yalipokuwa yakitishana kwa makombora, na jina lake ni kile kichwa cha kombora chenyewe. Besi ilipoanza kunguruma, chumba kizima kilijua. Pembeni yangu alikuwapo mwanamume mwenye upara na tumbo la heshima, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, amebeba koti lake mkononi kama anasubiri basi. Akalitupa chini koti lile. Akaanza kuruka. Pale jukwaani Harper aliimba si kama mtu anayekumbuka, bali kama mtu aliyesoma gazeti asubuhi hiyo. Nilipiga hesabu kichwani: amekwisha uimba wimbo huu kwa miaka isiyopungua thelathini na mitano, katika miji asiyoikumbuka majina, mbele ya watu mia tatu leo, labda arobaini kesho. Na bado hakuuimba kwa mazoea. Alimheshimu yule mwenye koti, ambaye pengine alikuja kwa ajili ya wimbo huo mmoja.

Hapo nikawakumbuka wa kwetu. Msondo Ngoma walianza mwaka 1964 wakiitwa NUTA Jazz, wakawa JUWATA, wakawa OTTU, majina yakibadilika kama kanzu na mwili ukibaki ule ule. Muhidin Maalim Gurumo aliimba mpaka alipostaafu mwaka 2013, na mwaka uliofuata akatutoka. Tofauti ipo: bendi ile ilikuwa mtoto wa chama cha wafanyakazi, vyombo vilikuwa na mwenyewe. Wale wa panki hawakuwa na chama wala mwajiri, na pale 100 Club mlo wao ulikuwa kiingilio cha mlangoni na fulana zilizotandazwa mezani. Wapigaji wamepita katika UK Subs wengi hata kuwahesabu ni kazi. Lars Frederiksen, aliyejulikana baadaye na Rancid ya Marekani, alikaa kidogo mwaka 1991 akaenda zake. Mpenzi wa dansi hawezi kushangaa, hamahama ya wanamuziki tumezaliwa nayo. Mwimbaji ndiye hakuhama.

Nilikumbuka na jambo jingine, la aibu. Miaka michache kabla ya hapo, Dar es Salaam, nililipa kiingilio cha kutosha kumtazama kijana mmoja mwenye jina kubwa. Alitokea na miwani ya jua saa sita usiku. Vyombo havikuwapo jukwaani, hata ngoma moja, iliwekwa CD, naye akawa anaruka juu yake, akichomeka "mikono juu!" hapa na pale. Katikati ya wimbo wa tatu CD ikakwama. Ikarudia neno moja, tena na tena, na mdomo wa kijana ukaendelea kwenda mbele bila hilo neno. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena. Kijana yule ana kipaji, nimemsikia akiimba bila chochote msibani. Ni nani aliyemwambia kwamba sauti yake hiyo hatuihitaji? Ni sisi, tuliolipa na kurudi kulipa tena.

Wala Waingereza wasijione. Mahali pa kujifunzia kazi hii panakwisha huko pia. Roxy ya Covent Garden, iliyokuwa chuo cha panki mwaka 1977, imekwisha geuka duka. Astoria ilifungwa na kubomolewa mwaka 2009 kupisha reli. 100 Club yenyewe, inayopigiwa muziki tangu 1942, ilikaribia kufungwa mwaka 2010 kwa sababu ya kodi ya pango, hadi Paul McCartney akaja kupiga pale Desemba ya mwaka huo ili kuusaidia ukumbi. Si kila chumba cha chini kina rafiki kama huyo. Kijana wa leo atakwenda wapi kukosea mbele ya watu arobaini, wiki baada ya wiki, mpaka aache kukosea?

Kuna jambo la UK Subs ambalo jirani yangu alinieleza tukiwa tunangoja basi la usiku, masikio yanavuma bado. Albamu zao zilifuata alfabeti. A ni Another Kind of Blues, ya 1979. B ni Brand New Age, mwaka uliofuata. Wakaenda hivyo, herufi kwa herufi, kampuni za santuri zikija na kufa, kanda zikiondoka, CD zikija na zenyewe kuondoka. Alfabeti yetu haina Q wala X, bendi ya Kiswahili ingepumzika mapema. Wao Q waliipatia Quintessentials, na X wakaiandika kwa tarakimu za Kirumi, XXIV, kwa kuwa ndiyo herufi ya ishirini na nne. Z wakaiita Ziezo, neno la Kiholanzi ambalo mtu hulitamka akishamaliza kazi, kama sisi tusemavyo "haya, tayari."

Ziezo ilitoka mwaka 2016. Mimi niliwaona baada ya hapo.