Miswada na Kanda: Juu ya Orodha ya J. W. T. Allen

Orodha ya miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu, pamoja na kanda za sauti, zilizomo katika Maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, ilitungwa na J. W. T. Allen, ikapigwa chapa na Brill wa Leiden mwaka 1970. Ndio mwaka ambao Chuo chenyewe, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na kuhamia Mlimani mwaka 1964, kilipata kuwa Chuo Kikuu kinachojitegemea. Wengi hukitumia kitabu hiki kama daftari la ghala: hutafuta jina la utenzi, huandika namba yake, basi. Matumizi hayo ni haba mno.

Neno la kuangaliwa kwanza ni hilo "kanda". Allen hakuona haya kuiweka sauti rafu moja na karatasi, na kwa maandishi yetu ya Kiarabu jambo hili si pambo. Mwandishi wa zamani asiyetia alama za ziada huandika kwa herufi moja, be, sauti za b, p na mb. Kwa fe, f na v. Kasra ni i, tena ni e. Dhamma ni u, tena ni o. Basi neno lililo mbele yetu laweza kuwa baba, laweza kuwa papa. Kuku, au koko. Aliyezaliwa Lamu hasiti, kwa kuwa aujua utenzi kwa masikio kabla ya kuuona kwa macho. Sisi wengine twakisia, kisha kisio letu hupigwa chapa kwa herufi za Kilatini, na huko halionekani tena kuwa ni kisio.

W. E. Taylor aliligundua hilo Mombasa katika karne ya 19, naye hakutegemea sikio lake peke yake: alikaa na Mwalimu Sikujua. Karatasi zake zilizohifadhiwa London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, zina thamani hasa kwa sababu ya mwalimu huyo. Bila ya kazi yao, Hichens asingalikuwa na msingi wa kuitoa diwani ya Muyaka mwaka 1940.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Allen mhariri, si Allen mkusanyaji. Katika kitabu chake *Tendi* cha mwaka 1971 msomaji hupewa matini ya Kilatini na tafsiri ya Kiingereza. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, una nakala zaidi ya moja, nazo hazikubaliani katika kila neno. Mwenye kuchunguza lahaja ya Kiamu ataka kujua umbo fulani ni la mshairi, la mnakili, au la mhariri aliyezoea Kiunguja. Matini iliyosafishwa haimjibu. Mkusanyaji alikuwa amekwisha kumwekea jibu Mlimani. Mhariri akamfungia mlango nusu.

Mwaka 2018 Chuo kilifungua maktaba mpya, kubwa, na fahari yake twaiona sote. Nafasi sasa ipo. Chapa yo yote mpya ya tendi hizi yapaswa kutolewa ukurasa kwa ukurasa: picha ya mswada upande mmja, Kilatini upande wa pili, na namba ya ukanda, kama upo, chini yake.