Njia ya Hewa Kwanza, Feni Baadaye

Feni inayovuma ndani ya kasha la kompyuta mara nyingi ni nzima kabisa. Prosesa imepata joto, madabodi imeagiza kasi zaidi, feni imetii. Ndiyo maana fundi mmoja wa Chikongola, mjini Mtwara, alipoletewa kompyuta ya mezani ya duka la steshenari, inayovuma kiasi cha mteja kulazimika kurudia anachotaka kuchapiwa, hakuigusa kasi ya feni. Alianza na hitisinki, kipoza joto cha prosesa. Mpangilio huo wa kazi ndio ninaotaka kuuchambua, kwa sababu wengi huufuata kinyume, wakaua kelele na prosesa kwa pamoja.

Alipong'oa feni ya prosesa, vumbi lilikuwa limeshikana juu ya mapezi ya hitisinki kama kipande cha blanketi. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Vumbi la barabarani likikutana na nyuzi za nguo na unyevu huo, hugeuka utando ambao bloa huondoa sehemu yake ya juu tu. Kwa hiyo brashi ilitangulia, bloa ikafuata, huku mapanga ya feni yameshikwa kwa kidole. Kidole hicho si cha urembo: feni ikizungushwa ovyo na upepo wa bloa inaweza kuharibika beringi, na mota yake huzalisha umeme unaorudi kwenye saketi. Kisha pesti ya joto iliyokauka ilifutwa kwa spiriti na mpya kupakwa kidogo katikati ya prosesa. Kompyuta ilipowashwa, feni ilishuka kasi yenyewe. Sehemu kubwa ya kelele iliondoka kabla hakijanunuliwa kifaa chochote.

Angeweza kuishia hapo. Lakini bado hewa ya kasha zima ilikuwa mikononi mwa feni moja ya milimita 80 nyuma, ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, na hapa ndipo hali ya hewa ya Mtwara inapobadilisha hesabu. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto, na hewa ndiyo inayolibeba nje. Kompyuta ya wati 100 ikipitisha mita za ujazo 20 za hewa kwa saa, itaipasha hewa hiyo kwa nyuzi 15 hivi. Kwenye chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya, hewa itatoka ikiwa na nyuzi 35. Kwenye duka la Chikongola mchana wa kaskazi, chumba kikiwa na nyuzi 32, itatoka na nyuzi 47, na prosesa yenyewe itakuwa juu zaidi ya hapo. Ukitaka itoke na nyuzi 40, lazima upitishe karibu mara mbili ya hewa hiyo. Ushauri wa kupunguza tu kasi ya feni unamfaa mtu wa chumba baridi. Kwetu unahitaji kitu cha kuufidia.

Cha kufidia ni ukubwa. Kiasi cha hewa hufuata kasi ya feni, lakini hufuata kipenyo chake kwa kipeo cha tatu. Feni ya milimita 120, kwa kasi ileile, husukuma hewa zaidi ya mara tatu ya ile ya milimita 80. Kwa hesabu, mizunguko 710 ya feni kubwa inatosha kulingana na 2,400 ya ndogo, na kelele huwa chini kwa takriban desibeli 14. Tatizo ni kwamba msukumo wa hewa hubaki sehemu moja ya tano. Feni kubwa inayokwenda polepole haina ubavu wa kupenya kizuizi, iwe vumbi, nyaya zilizosongamana au bati lenye vitundu vichache. Hapa ndipo usafi wa mwanzo unapolipa. Bila huo, feni mpya ingezunguka kimya na kasha likazidi kupata moto.

Fundi aliifunga feni ya milimita 120 mbele, ivute hewa ndani, akachomoa ile ndogo ya nyuma na kuacha tundu lake liwe mlango wa kutokea. Nyaya alizifunga pembeni. Kwenye bayosi aliweka mizunguko 900. Hiyo ni hewa zaidi ya ile ya zamani kwa robo na ushei, msukumo wa theluthi, kelele chini kwa desibeli 9. Aina ya sauti nayo ilibadilika: feni yenye mapanga saba kwa mizunguko 2,400 hutoa mlio wa mitetemo 280 kwa sekunde, kwa 900 ni 105, sauti nzito ambayo sikio halisumbuki nayo sana.

Alikata pia bati lenye vitundu mbele ya feni, kwa sababu hewa inayokwaruza kingo karibu na mapanga hupiga mluzi, na akaweka vipande vya raba kwenye skrubu ili mtetemo usihamie kwenye kasha. Mbele alitega kipande cha chandarua. Hakizuii vumbi laini, ila nyuzi na wadudu hubaki nje, nacho hufuliwa kwa dakika chache.

Jambo moja kwenye bayosi nalipenda hasa. Feni ya prosesa aliiwekea kasi moja hadi nyuzi 60, ndipo ianze kupanda taratibu. Feni inayopanda na kushuka kila faili linapofunguliwa huudhi kuliko mvumo mmoja usiobadilika. Pawa saplai hakuifungua, na ni sahihi: kapasita zake huhifadhi umeme hatari hata waya ukiwa umechomolewa.

Kinachosikika sasa ni diski ya zamani, ambayo kwa mizunguko 7,200 kwa dakika hutoa mvumo wa mitetemo 120 kwa sekunde. Hilo halina dawa kwenye feni. Linahitaji raba chini ya diski, au SSD isiyo na kitu kinachozunguka.