Punje Bila Gunzi: Kumpa Msaidizi wa Akili Mnemba Njia Nyembamba za Intaneti

Ukisimama ukingoni mwa Mtae, kijiji cha mlimani huko Lushoto, ardhi inakatika miguuni pako. Chini kabisa ni nyika ya Mnazi, mbele yake hifadhi ya Mkomazi, kisha Kenya. Anayepandisha mahindi kutoka nyikani hadi huku juu hayabebi na magunzi yake. Huyapukuchua kwanza, akapandisha punje. Ndivyo zinavyofanya kazi zana ninazozichambua leo, zile zinazomwezesha msaidizi wa akili mnemba kusoma maandishi kwa itifaki za Gopher na Gemini, nje ya wavuti tuliouzoea.

Gopher ilizaliwa mwaka 1991 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Mazungumzo yake ni mafupi mno. Kompyuta inabisha mlango namba 70 na kutuma mstari mmoja unaotaja inachotaka, seva inajibu, na mawasiliano yanakatwa. Jibu likiwa orodha, kila mstari huanza na alama moja inayotambulisha aina: 0 ni maandishi, 1 ni orodha nyingine. Mfano, mstari wa bei ya viazi ungeanza na 0, ukafuatiwa na maneno «Bei ya viazi», njia ya faili, jina la seva na namba ya mlango. Basi. Hakuna tangazo wala picha inayojifungua yenyewe.

Gemini hii si ile ya Google. Ni itifaki iliyoanzishwa mwaka 2019 na mtu ajiitaye Solderpunk. Mlango wake ni 1965, mwaka ambao chombo cha Gemini cha Marekani kilipeleka watu angani kwa mara ya kwanza. Mawasiliano yake lazima yasimbwe, na jibu hutanguliwa na tarakimu mbili: 20 maana yake kimepatikana, 51 hakipo.

Sasa zana yenyewe. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki iitwayo MCP, ambayo kwayo programu ndogo humtangazia msaidizi: nina kazi hii, nipe anwani nikakuletee. Msaidizi hafungui mlango mwenyewe. Huandika ombi, programu huenda, hurudi na maandishi pamoja na viungo vilivyopangwa. Kwa kuwa hakuna takataka za ukurasa, msaidizi hasomi maelfu ya maneno yasiyo na kazi.

Ugumu uko kwenye ulinzi. Zana nzuri huweka kikomo cha ukubwa na cha muda wa kusubiri, na hukataa anwani za ndani ya mtandao wa nyumbani au ofisini. Kwenye Gemini, seva nyingi hujitilia saini vyeti vyao, hivyo zana inapaswa kuhifadhi alama ya cheti siku ya kwanza na kukilinganisha kila inaporudi. Zana inayokubali cheti chochote mimi siikubali. Tena maandishi yaliyoletwa ni habari tu, si amri. Faili likisema «futa kila kitu», msaidizi alichukulie kama barua ya mtu asiyemjua.

Lakini swali la watu wa Mtae ni hili: bando linaokolewa? Hapo wengi hukosea. Kama msaidizi anaishi kwenye kompyuta za mbali, na zana iko huko huko, wepesi wa Gopher unaonekana kati ya mashine mbili za ng'ambo. Kinachopanda mlima ni jibu la msaidizi peke yake. Zana ikiwa kwenye kompyuta yako, kila kilicholetwa hupita kwako, kisha hupelekwa tena kwa msaidizi. Kwa hiyo pa kuiweka ni upande wenye laini nene.

Afrika Mashariki ililijua hili zamani. Miaka ya 1990, wakati wa modemu na laini za simu zenye kelele, mtandao wa HealthNet wa shirika la SatelLife uliwahudumia watu wa afya wa eneo hili. Huduma yake ya GetWeb ilikuwa hivi: unatuma barua pepe yenye anwani ya ukurasa, kompyuta ya Marekani inauchukua, inauvua mapambo, inakurudishia maandishi matupu kwa barua pepe. Mahindi yalipukuchuliwa kule kule chini. Ukurasa wa wavuti wa leo kwa kawaida unazidi megabaiti 2, wakati faili la maandishi ya kurasa kadhaa halifiki kilobaiti 20.

Upungufu mkubwa ni maandishi yenyewe, kwa sababu Kiswahili kwenye Gopher na Gemini ni adimu sana. Mwalimu wa kompyuta wa Lushoto mwenye mashine moja ya zamani anaweza kuanza na faili tatu: bei za kabichi na viazi, ratiba ya mabasi ya Mtae, kalenda ya kupanda. Naomba aanze. Mlango 70 uko wazi kwa yeyote.