Uhakiki wa Maana na Matumizi ya Neno "Hela": Kutoka Jina la Sarafu hadi Jina la Fedha, Iringa na Mbeya

Maelezo yanayolichukulia neno "hela" kuwa kisawe tu cha "pesa" na "fedha" yanamtosha msemaji wa leo, lakini yanampotosha msomaji wa matini za kale. Neno hili limetoholewa kutoka Kijerumani, Heller, jina la sarafu. Awali, rupia ya koloni la Wajerumani iligawanywa katika pesa 64. Mageuzi ya mwaka 1904 yaliigawanya katika hela 100. Hivyo, "pesa" na "hela" zilikuwa sarafu mbili zenye thamani tofauti.

Tofauti hiyo ina uzito. Kodi ya nyumba ya rupia 3 ilikuwa sawa na pesa 192 kwa hesabu ya kwanza, na hela 300 kwa hesabu ya pili. Mtafiti wa Iringa, kituo cha Wajerumani tangu mwaka 1896, akilisoma neno hilo katika matini ya wakati huo kwa maana ya leo, atapoteza kiasi halisi cha mzigo aliobebeshwa mlipaji.

Sarufi inatoa kigezo cha kwanza. Katika "hela tano", neno linahesabika na linataja sarafu. Katika "hela nyingi" au "hela ya mboga", linataja fedha kwa jumla. Msemaji wa leo akitaja bei hutumia "shilingi". Hata hivyo, kigezo hiki hakitoshi pale neno linaposimama bila idadi, kama katika "alilipa hela". Hapo tarehe na muktadha ndivyo vinavyoamua.

Mbeya inatoa ushahidi wa aina nyingine. Mji huo ulianza mwaka 1927, wakati shilingi ya senti 100 ilikwisha kushika nafasi ya rupia. Inaweza kudaiwa kuwa neno lilitoka Tukuyu jirani, iliyokuwa Neu-Langenburg enzi za Wajerumani. Hata dai hilo likikubaliwa, linaimarisha hoja: neno lilidumu bila sarafu yake, kwa kuwa maana yake ilikwisha kupanuka.

Kwa hiyo, kidahizo "hela" kinastahili maana mbili: ya kwanza sarafu, yenye alama ya kihistoria, ya pili fedha kwa jumla. Kisawe pekee hakitoshi.