Kidole cha Mtu wa Kitalu

Mnunuzi mgeni hupenda mche mrefu. Muuza miche wa Ngong Road, aliyepanga mifuko yake myeusi kwenye kipande chembamba kati ya lami na ukuta wa mtu, huuangalia urefu huo kwa shaka. Shina limepauka, fundo moja liko mbali na jingine, ukiligusa jani mche wote unayumba. Huo umelelewa gizani.

Anachokisoma kwa jicho ni safari ya homoni iitwayo auksini. Hutengenezwa hasa na majani machanga ya kileleni, ikateremka shinani seli kwa seli, ikisukumwa na protini zilizojipanga upande mmoja wa kila seli. Jua likipiga upande mmoja, auksini huhamia upande wenye kivuli. Seli za huko hurefuka zaidi na shina huinamia mwanga. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kwamba ukikifunika kilele cha mche wa nyasi, haupindi, ingawa mahali pa kupinda ni chini ya kilele. Homoni yenyewe ilikuja kunaswa baadaye.

Fundi wetu huisimamia safari hiyo bila maabara. Miche ikianza kugusana, huitenganisha: mwanga uliopita kwenye majani ya jirani umepungukiwa na wekundu, na mche ukiuhisi huzidisha auksini, shina likakimbia juu. Julai, Nairobi ikifunikwa na mawingu wiki nzima, hukunja neti ya kivuli. Miche inayoelekea barabarani huigeuza. Kuna na wanaoipitishia kiganja miche michanga kila asubuhi, kama mtu anayempapasa paka; nilidhani ni mapenzi tu, kumbe kuguswaguswa hufupisha shina na kulinenepesha.

Ninachokistahi zaidi ni kucha ya kidole gumba. Kayaba wa kuzungushia nyumba za Lavington na Karen akiachwa hupanda juu, chini pakabaki matundu ya kupita mbuzi. Basi hukatwa ncha kwa kucha hiyo. Auksini iliyokuwa ikiteremka na kuyanyamazisha macho ya pembeni hukatika, na macho hayo huchipua. Sukuma wiki haiguswi ncha hata kidogo. Hiyo inataka kilele chake.

Katika kitalu nilichokizoea, mche mfupi mnene na ule mrefu mlegevu huuzwa bei moja. Naona fundi anadhulumiwa.