Sifa ya Kichupa Kitupu

Maji yanayoshuka kutoka Mlima Rungwe kwenda Ziwa Nyasa hayajui kutulia. Mto Kiwira hunguruma hadi chini ya Daraja la Mungu, na katika mito ya namna hiyo, yenye kasi na mawe, ndimo anamozaliana inzi mdogo mweusi anayeeneza usubi. Mnyoo anayeletwa na inzi huyo, Onchocerca volvulus, huzaa watoto wasioonekana kwa macho. Hutambaa chini ya ngozi na kuiwasha, na wakifika machoni hupofusha.

Kituo cha utafiti wa magonjwa cha NIMR, Tukuyu, kimeuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi. Kipimo cha zamani ni kukata kijipande cha ngozi nyongani, kukiloweka kwenye maji ya chumvi na kukiangalia kwa hadubini. Minyoo ilipokuwa mingi, hicho kilitosha. Lakini dawa ya usubi, Mectizan, imegawiwa mwaka baada ya mwaka, na siku hizi ngozi inaweza kuonekana safi kwa mtu ambaye bado anao wachache. Dawa ikishinda, mpimaji ndiye anayepata tabu. Huyo ndiye ninayemsifu hapa, hasa yule wa aina mpya, anayejaribu probu za DNA.

Kinachotafutwa na probu hizo ni mikroRNA, kipande cha herufi 22 hivi kinachodhibiti kazi ya jeni. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1993 na maabara za Victor Ambros na Gary Ruvkun, Marekani, na ilitoka kwa mnyoo mdogo wa udongoni. Nobel ikawafikia mwaka 2024. Minyoo ya usubi nayo huachia mikroRNA zake katika damu ya mgonjwa.

Probu ya kufuli, iliyobuniwa Uppsala, Sweden, mwaka 1994, ni uzi wa DNA ambao ncha zake mbili hukutana juu ya kipande kinachotafutwa. Zikikaa sawasawa, kimeng'enya huziunganisha na uzi ukawa duara. Kisha polimerasi ya phi29, kimeng'enya cha kunakili DNA kilichotoka kwa kirusi cha bakteria, hulizunguka duara hilo bila kuchoka, ikitoa uzi mrefu wenye maneno yaleyale, kama msusi wa ukili anayerudia mchoro mmoja. Joto la nyuzi 30 linatosha. Hakuna haja ya mashine ya kupandisha na kushusha joto kama ya PCR. (Julai ya Tukuyu, hata hizo nyuzi 30 lazima zitengenezwe.)

Uzi huo mrefu ukitiwa rangi ya kung'aa, kichupa hutoa mwanga. Kufanya kichupa king'ae si kazi kubwa. Ufundi uko kwenye vichupa visivyopaswa kung'aa. Kimoja kina kila kitu isipokuwa mikroRNA. Kingine hakina kimeng'enya cha kuunganisha. Cha tatu kimewekewa ndugu wa mlengwa, anayetofautiana naye kwa herufi moja tu, kama mikroRNA ziitwazo let-7a na let-7c. Phi29 ina tabia mbaya: ikikosa kazi, hujitafutia, ikakuza mabaki ya nyuzi yaliyomo kichupani. Ndipo fundi anapoleta kimeng'enya kingine kitafune kila uzi ambao haukufunga duara, halafu anaanza upya. Mtu asiye na moyo huo hukifuta kichupa kitupu kwenye ripoti na kuchapisha chenye mwanga.

Hata kuchagua mlengwa kunataka akili. Herufi za let-7 ya yule mnyoo wa udongoni ni zilezile za let-7a ya binadamu, kwa hiyo probu yake ingemkamata mgonjwa na asiye mgonjwa sawasawa. Ndiyo maana mikroRNA nyingine, miR-71, inapendwa: minyoo wanayo, sisi hatuna. Lakini mwaka 2017 watafiti waliopima plazima ya wagonjwa wa usubi waliona kuwa mikroRNA za mnyoo ni chache mno kutegemewa. Mimi nayahesabu majibu hayo kuwa kazi njema.

Kwa mwongozo wa WHO wa mwaka 2016, ili dawa isimamishwe, lazima inzi wenye maambukizi wawe chini ya 1 kwa kila 2,000. Kwenye kiwango hicho, vichupa vichache vinavyong'aa kwa uongo vinatosha kuwarudisha watu wa wilaya nzima kwenye miaka mingine ya vidonge. Probu za mikroRNA hazijafuzu mtihani huo. Kwa sasa inzi hupimwa kwa O-150, kipande cha DNA ya mnyoo, na watoto wa binadamu kwa kingamwili dhidi ya Ov16, protini ya mnyoo.