Kizimamoto cha kuonyesha polisi

Wandugu, tumezoea kuchambua hotuba za wakubwa na vitabu vya maprofesa. Leo nachambua kitu kidogo chekundu kinacholala chini ya kiti cha gari: kizimamoto, ile tunayoita wote ekstenkteri. Neno langu ni moja, na nalisema mapema kwa ajili ya yule ambaye mega zake zinakaribia kuisha: kizimamoto tunachobeba katika gari zetu hapa Kivu ya Kusini kimegeuka karatasi. Tunakibeba kama tunavyobeba karti-roze na bima, juu ya polisi, si juu ya moto. Na moto hausomi karatasi.

Sikilizeni mazungumzo ya kila siku barabarani:

— Papa, ekstenkteri iko?

— Iko, shefu.

— Onesha.

Papa anainama, anavuta, anaonyesha kichwa chekundu. Shefu anakubali kwa kichwa. Gari inaenda.

Swali ni moja tu: iko ao haiko? Hakuna anayeuliza kama mshale wa presha uko kwenye rangi ya kijani. Hakuna anayeuliza kama pini inatoka. Hakuna anayemuuliza papa kama amekwisha kukishika siku moja na kujua kinabanwa wapi. Sisi watu wa lisansi tunaijua vizuri hiyo mitihani: swali likiwa bovu, mwanafunzi anajifunza kulijibu hilo swali bovu, basi. Na soko nalo linajibu swali hilo hilo. Nimeona vizimamoto ambavyo mshale umelala kwenye nyekundu, na kingine bado kimefungwa katika plastiki ya duka, mwaka wa ngapi sijui, safi kama zawadi ya harusi. Vyote vinapita kwenye kizuizi. Kwa swali lililoulizwa, vyote ni jibu sahihi.

Sisemi polisi njo mwenye kosa peke yake. Hata sheria yenyewe haimalizi neno. Ubelgiji inataka kila gari la kibinafsi liwe na kizimamoto. Ufaransa, jirani yake, hailazimishi. Nchi mbili zinapakana, gari ni zile zile, na hazijakubaliana. Kwa hiyo tukibaki kwenye "sheria inasema nini", tutazunguka bure. Swali la kweli ni hili: siku injini itaanza kutoa moshi kwenye mteremko, watu saba wamebanana katika gari ya watu watano, nani atafanya nini katika dakika ya kwanza? Kizimamoto kidogo ni chombo cha ile dakika ya kwanza. Dakika ya pili si yake tena.

Hapa naomba kidogo niongee kama mtu wa agronomia. Unga ulio ndani ya kizimamoto cha aina ya ABC, sehemu yake kubwa ni fosfati ya monoamoniamu. Waliosoma udongo wamekwisha kuitambua: njo MAP, mbolea ile ile tunayoweka karibu na mbegu ili mche upate fosforasi mapema. Shambani inalisha mizizi. Kwenye moto inafanya kazi mbili: inakata mwendo wa kikemia wa ule mwali, na juu ya kitu kigumu, kama kitambaa cha kiti, inayeyuka na kufanya ganda linalozuia hewa isifike kwenye makaa. Kuna vingine vya aina ya BC, vyenye bikaboneti, ndugu ya ile tunayotia katika maandazi. Hivyo vinaweza kuzima esansi inayowaka, lakini kiti kilichokwisha kushika moto vitakipiga na kitawaka tena. Herufi hizo zimeandikwa kwenye chupa. Soma mbele ya kulipa.

Sasa, yeyote aliyewahi kuweka mfuko wa mbolea katika depo yenye unyevu anajua mwisho wake: mawe. Watengenezaji wa vizimamoto wanajua pia, njo maana wanaupaka ule unga silikoni ili ukatae maji. Lakini silikoni haiwezi kuzuia mtetemo. Gari ikiruka mashimo kila siku, miezi na miezi, unga unashuka na kushikana chini ya chupa, gesi inabaki juu. Siku ya kubana, gesi inatoka fyuu, unga unabaki umelala. Mkulima anaelewa hilo bila kufundishwa: pompi ya mgongoni ikiziba, unaweza kupiga mkono mpaka jioni, dawa haitoki. Dawa ya jambo hili haina bei. Mara moja kwa mwezi, kigeuze kichwa chini, kitikise, weka sikio, sikiliza kama unga unatembea. Kisha tazama mshale. Hiyo kazi haifiki dakika mbili, na hakuna anayetuomba tuifanye.

Tuje kwenye mahali kinapokaa. Mara nyingi kiko nyuma kabisa, chini ya mfuko wa makala na mihogo ya mama mkubwa, tena kando ya bidoni ya esansi. Yaani ili ufikie chombo cha kuzima moto, upite kwanza juu ya kitu cha kuuwasha. Wengine wanakiacha kitembee sakafuni mbele ya dereva, na chupa inayobingirika inaweza kuingia chini ya breki. Hiyo ni hatari nyingine tuliyoinunua kwa pesa yetu. Mahali pake ni mbele, kimefungwa na kile chuma chake, dereva ao aliye kando yake anyooshe mkono akipate bila kutafuta. Tena si juu ya dashibodi penye jua. Chupa nyingi zimeandikwa mwisho wa joto lake, mara nyingi digrii 60, na gari iliyofungwa vioo saa saba mchana kwenye Uwanda wa Ruzizi si mahali pa kuchezea na namba hiyo.

Halafu ukubwa. Vile vya nusu kilo vinapendwa sababu vinaingia popote na vinashusha bei. Lakini hata cha kilo moja kinatoa unga kwa muda wa sekunde nane hivi, ao kumi. Hesabu kwa sauti, moja hadi nane. Umemaliza. Katika huo muda huwezi kujifunza, unaweza tu kufanya kile unachokijua tayari. Aliye na uwezo achukue cha kilo mbili. Asiye nao, cha kilo moja kinachofanya kazi kinashinda cha kilo sita kilichokufa.

Na kinachotakiwa kujulikana si kingi. Simamisha gari, zima kontakti, toa watu wote na wasogee mbali. Watu kwanza, chupa baadaye. Moto ukiwa chini ya kapo, usiifungue yote kwa haraka, maana utaupa hewa na utakurukia usoni. Iachie kidogo tu, pulizia kupitia ule mwanya. Upepo uwe mgongoni kwako. Piga kwenye chimbuko la moto, chini, ukipeleka kulia na kushoto. Ndimi za juu ziache, kuzipiga ni kupoteza sekunde. Usipulizie ndani ya gari wakati mtu bado yuko humo, juu ule unga unaziba pumzi na macho. Ukikwisha na moto bado upo, ondoka. Gari itanunuliwa. Na ukikitumia hata kwa sekunde moja, usikirudishe chini ya kiti kama bado kizima: unga unabaki kwenye valvu, presha inavuja pole pole, na wiki ijayo utakuwa na chupa ya mapambo.

Kitu kingine kinachoniudhi katika mazoea yetu: tunanunua kizimamoto, kisha tunaendelea kuufuga moto. Bomba la esansi limechoka, linafungwa kwa mpira wa baiskeli. Fyuzi imekatika, inawekwa waya. Kituo cha mafuta kina foleni, tunanunua kwa Kadhafi pembeni ya barabara, na bidoni inasafiri na watoto. Esansi inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya chini kabisa ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini, unaingia mahali pa chini, unangojea. Mazutu ina subira kidogo, inaomba joto la digrii 50 na zaidi. Esansi haina subira. Hakuna chupa nyekundu itakayolipa deni la fundi aliyeweka waya penye fyuzi.

Na sasa Sange. Siwezi kuandika juu ya moto na barabara katika jimbo letu na kuiruka Sange. Tarehe 2 Julai 2010, kwenye barabara ya Uvira, lori la mafuta lilipinduka katika kijiji hicho. Watu walikaribia, wengine na vyombo vya kuchota. Wengine walikuwa katika nyumba za video, wanatazama Kombe la Dunia. Esansi ilitembea, moto ukaikuta. Walikufa zaidi ya watu 230. Miaka minane baadaye, tarehe 6 Oktoba 2018, lori jingine la mafuta lilipata ajali Mbuba, Kongo ya Kati, na watu wasiopungua 50 walikufa. Nasema hivi kwa sababu kuna ndugu wanaofikiri kwamba mwenye kizimamoto ni shujaa, aende mbele. Hapana. Mbele ya lori la mafuta linalovuja, chupa yako ya kilo moja ni kijiko mbele ya Ziwa Tanganyika. Pale kazi yako ni kurudi nyuma, kuzima injini, kukataza sigara na simu ya kupiga picha, na kuwaondoa watoto, hata wakikutukana kwamba unawanyima mafuta ya bure. Kujua mahali chombo kinapoishia ni sehemu ya kukijua.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Pesa iko wapi?" Ni neno la kweli, na wengi wetu tulio na diplome ukutani hatuna kazi ya kuilipa. Lakini tazameni vizuri: pesa imekwisha kutoka. Papa amenunua chupa. Kinachokosekana ni kuigeuza, kuitazama, kuisogeza mbele. Hiyo haina bei. La pili: "Mungu njo analinda." Amina. Mkulima naye anaomba mvua, na bado anachimba mifereji. La tatu ndilo lenye uzito: "Sisi hatuna gari." Ni kweli, wengi wetu tunapanda taksi, bisi ao gari ya kazi ya mjomba. Lakini njo hapo kijana aliyesoma ana nafasi. Dereva amezoea kuulizwa na mtu mwenye uwezo wa kumtoza faini, na mtu huyo anamjibu kwa kumwonyesha kichwa chekundu. Hajazoea kuulizwa na abiria, kwa heshima: "Papa, samahani, ekstenkteri yetu mshale wake uko wapi?" Hilo swali halina hongo ndani yake. Halimtishi. Linamwambia tu kwamba kuna watu ndani ya gari.

Ningependa polisi wabadilishe swali lao, na fundi wa ukaguzi abadilishe lake. Badala ya "iko?", aseme "onyesha mshale, toa mkono, niambie unaanzia wapi." Lakini sitangoja. Kwa gari ya nyumbani kwetu, ya mzee, ya kanisa, ya shirika unakofanya stage, mambo matatu yanaweza kufanywa Jumamosi hii: kutazama kama mshale uko kwenye kijani, kukigeuza mpaka unga usikike, kukitoa nyuma na kukifunga mbele. La nne ni kumwonyesha yule anayekaa kando ya dereva mara nyingi zaidi, na mara nyingi ni mama, ambaye hakuna polisi aliyewahi kumuuliza chochote.

Na kile ambacho mshale wake umekwisha kulala, msikitupe ovyo, wala msikirudishe chini ya kiti ili kipite kizuizini. Mpeni fundi anayejua kukijaza. Kama hayupo katika mji wenu, andikeni kwenye chupa kwa kalamu nene: KIMEKUFA. Angalau hapo tutakuwa na kitu kimoja garini kinachosema ukweli.